Sisi sio watu wa asilimia mbili tu: barua ya wazi kwa viongozi wa mitaa, kata na halmashauri za Dodoma

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, watendaji, madiwani na nyie wakurugenzi wetu, shikamooni kwa mnaostahili na wengine habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, nashona zaidi sare za shule na mapazia, natumia kiti mwendo tangu nikiwa binti mdogo. Sina cheo kwenye chama chochote kwahiyo msianze kutafuta nani kanituma, nimetumwa na ngazi za ofisi zenu.

Niseme mapema kinachonikera. Kila tukija na hoja yetu watu wenye ulemavu, iwe choo, iwe barabara, iwe mkalimani wa lugha ya alama kwenye mkutano, jibu linalorudi ni lilelile, "si mna ile asilimia mbili yenu?" Yaani imekuwa kama vile kila shida tuliyonayo ilishalipiwa pale, ukiongeza neno unaonekana huna shukrani.

Sasa tuiongelee hiyo asilimia mbili vizuri maana wengi wanaisikia tu redioni. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliongezewa kifungu cha 37A, halmashauri zikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwetu. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha kwasababu ya madudu yaliyokuwa yanafanyika, vikundi hewa na hela kutokurudi, ikaja kurudi 2024 na utaratibu mpya. Siipondi hata kidogo, kuna wenzangu imewatoa, mmoja alianza na mashine moja ya kusaga karanga leo ana vijana wawili wanamsaidia.

Ila tupige hesabu. Mapato ya ndani ni ushuru, leseni, kodi za vibanda, ada za hapa na pale, na kabla ya kukata hiyo asilimia kuna vyanzo vinawekwa pembeni kwanza. Hela inayoshuka kutoka serikali kuu kujenga madarasa na zahanati haimo humo. Kwahiyo ni asilimia mbili ya kipande, na tena ni mkopo, inarudishwa. Hiyo 98 iliyobaki ya mapato ya ndani, na ile yote inayotoka juu, sisi hatumo? Mimi ushuru nalipa, na siku mkusanya ushuru anapita na ile mashine yake hajawahi kuniambia mama wewe lipa asilimia mbili.

Alafu kuna hili la dirisha. Binti mmoja jirani yangu, ana miaka ishirini na kitu, mguu wake wa kushoto haufanyi kazi vizuri, alikuwa kwenye kikundi cha wanawake wanaotengeneza sabuni za maji na batiki, wamechanga wote, wamehangaika wote na katiba ya kikundi, ilipofika kuomba mkopo akaambiwa atoke akatafute wenzie wenye ulemavu maana "nyie mna dirisha lenu". Huyu ni mwanamke, ni kijana, na ana ulemavu, milango mitatu yote inamhusu lakini akaishia kusukumiwa ule mwembamba kuliko yote. Sijaona popote panaposema mwanamke akiwa na ulemavu anaacha kuwa mwanamke. Akaenda huko akakuta kikundi cha watu ambao hawajuani, mmoja anakaa Nkuhungu mwingine Ihumwa, kilichowakutanisha ni ulemavu tu, biashara ya pamoja hawana. Vikundi vya namna hiyo vinakufaje mnajua wenyewe. Ndio maana ilikuwa jambo zuri sana kanuni ziliporekebishwa 2021 zikaruhusu mtu mwenye ulemavu kukopa hata akiwa peke yake, lakini waulizeni watu wenu wa kata wangapi wanawaeleza watu hilo bila kuulizwa.

Na hapo bado hatujaongelea kuifikia hiyo ofisi yenyewe.

Kuna ofisi ya kata moja, siitaji maana za hivyo ziko nyingi na sitaki mmoja abebe msalaba wa wote. Mbele ina ngazi nne za saruji, pembeni wameweka rampu, na aliyeweka nadhani aliambiwa tu "na rampu iwepo" basi akaiweka. Ni fupi, imesimama kama ukuta ulioegeshwa, imenakshiwa kwa malumalu zinazoteleza, na inaishia kwenye kona ambayo kiti hakigeuki. Pale chini bodaboda wanapaki kwasababu kuna kivuli. Ili nipande natakiwa nipate vijana wawili, mmoja anavuta mmoja anasukuma, na mimi katikati nimefumba macho nasali. Siku niliyofuata barua ya utambulisho vijana hawakuwepo, nikabaki chini juani, afisa mwenyewe akashuka akanisainia barua yangu juu ya tenki la pikipiki ya watu. Waliokuwepo wakasema jamani afisa huyu ana utu. Na kweli ana utu, namshukuru mpaka leo. Ila maswali yote ya kikundi chetu, nani anadaiwa, nani alikimbia na hela, nani mume wake hataki, niliulizwa pale nje na foleni nzima inasikiliza, wakati wenzangu wanaingia ndani wanafunga mlango.

Mambo ya rampu sio ya kubahatisha. Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili, ukipanda sentimita moja unatembea sentimita 12 mbele. Ngazi nne za sentimita 15 kila moja ni sentimita 60, kwahiyo rampu yake inatakiwa iwe na urefu wa mita 7 na ushee, na kama eneo halitoshi inakunjwa katikati na panawekwa sehemu bapa ya kupumzikia. Ile ya pale ukiipima haifiki mita mbili na nusu. Michoro mingi inayotoka juu rampu inakuwemo, nimeonyeshwa na fundi mmoja ambaye huwa anapata kazi za fosi akaunti, yaani zile halmashauri inajenga yenyewe kwa kutumia mafundi wa kawaida, anasema kwenye karatasi iko vizuri kabisa, shida inaanza saiti, mifuko ya saruji inapungua, kiwanja kinabana, mkaguzi anakuja anaona kuna mteremko pembeni ya ngazi anatiki. Kwahiyo ombi langu hapa ni dogo na halina gharama, jengo lolote la umma kabla halijapokelewa kutoka kwa fundi, aitwe mtu mmoja wa kiti mwendo na mmoja asiyeona, wapande, waingie, wafungue mlango wa choo, watoke. Wakishindwa, fundi halipwi hela ya mwisho mpaka arekebishe. Mtashangaa rampu zitakavyonyooka.

Choo nacho. Ofisi nyingi siku hizi zina choo kimeandikwa kabisa mlangoni, mchoro wa kiti mwendo wa bluu unapendeza, lakini kina kufuli na ndani ni stoo, mifagio, madumu, mabango ya maadhimisho ya mwaka juzi. Ufunguo anao mtu ambaye yuko semina. Labda wanaume wanaweza kulichukulia kirahisi, mimi nawaambia wanawake tunaotumia viti mwendo tukijua kesho tuna safari ya ofisi ya serikali asubuhi hatunywi chai wala maji, na jua la Dodoma mnalijua. Mtu anakaa na kiu mpaka saa nane mchana kwa ajili ya sahihi. Naomba mkiwa mnajadili huduma rafiki kwa wananchi kwenye kikao chenye maji ya chupa mezani mkumbuke hilo.

Barabara nikiziongelea najua mtaniambia hizo ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sawa, tangu 2017 ni za TARURA, lakini njia ya waenda kwa miguu iliyowekewa meza ya nguo na mtumba, anayempa huyo mfanyabiashara eneo na kumtoza ni nani? Mfuniko wa mtaro ukiibiwa, wa kwanza kujua ni mwenyekiti wa mtaa maana anapita hapohapo kila siku. Mwenzetu asiyeona anaiamini fimbo yake nyeupe mpaka pale ardhi inapoisha, na mitaro ya mjini kwetu imechimbwa mirefu kwa ajili ya mvua zetu za kushtukiza, sio ya kudumbukia ukanyanyuka. Simu moja ya mwenyekiti kwa meneja wa TARURA inatosha kuanzia. Wakati mwingine ninyi ndio mnaotakiwa kupiga kelele kwa niaba yetu hata pale hela siyo yenu.

Nije kwenye mikutano ya mitaa maana kwangu hapa ndipo penyewe. Katiba yetu ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka, sio misaada. Sasa njoo uone yanavyofika. Mkutano wa mtaa unaitishwa kwa spika, gari au mtu na kipaza sauti anapita anatangaza. Kiziwi hapo ameshaachwa hata kabla mkutano haujaanza. Nina jirani yangu kiziwi, baba mzima, fundi seremala mzuri kabisa ukitaka kabati imara nenda kwake, yeye huwa anajua kuna mkutano akiona watu wanabeba viti. Anakuja anakaa mstari wa mbele kabisa ili aone midomo. Watu wakicheka anacheka, nyuma kidogo. Wakinyoosha mikono na yeye anaangalia kulia na kushoto ananyoosha. Kuna siku walipitisha mchango wa ulinzi shirikishi wa kila kaya kila mwezi, na yeye alinyoosha mkono, jioni mkewe anamweleza kilichopitishwa akarudi amekasirika kwa mwenyekiti, mwenyekiti akamwonyesha muhtasari na mahudhurio, "si ulikuwepo na ulikubali?" Na kweli kwenye muhtasari alikuwepo. Takwimu zenu za ushirikishwaji zikienda wilayani yule mzee anahesabika kama ameshirikishwa.

Mtaniambia wakalimani ni wachache na wana gharama. Ni wachache kweli. Lakini hapahapa kwetu Hombolo ndipo kilipo Chuo cha Serikali za Mitaa, watendaji na maafisa wengi wanapikwa pale. Lugha ya Alama ya Tanzania ikiwa somo la lazima hata la msingi tu, salamu, majina, tarehe, hela, ndiyo na hapana, mgonjwa yuko wapi, tutakuwa na mtendaji anayeweza kumsikiliza kiziwi bila kumwita mtoto wake wa darasa la nne aje atafsiri habari za ndoa ya wazazi wake. CHAVITA, chama cha viziwi, wapo, walimu wapo, hili TAMISEMI wanaosimamia serikali za mitaa, ambao ofisi zao ni kwa jirani hapo Mtumba wanaweza kulisukuma wakiamua. Kwa mikutano ya kawaida ya mtaa mimi sidai mambo makubwa, dai langu ni mkutano utangazwe pia kwa meseji na kwa karatasi kwenye mbao, na siku kuna jambo la kupiga kura au mchango ajenda iandikwe kwa maandishi makubwa ubaoni ili kiziwi anayejua kusoma asome. Huyo jirani yangu anasoma gazeti kila siku.

Kuna kamati pia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu namba 9 ya 2010 inazitaja kamati za watu wenye ulemavu kuanzia vijiji na mitaa mpaka halmashauri na mkoa. Sehemu nyingine zimeundwa, majina yapo kwenye faili, picha ya pamoja ilipigwa, baada ya hapo kimya. Kamati isiyo na kifungu kwenye bajeti hata cha nauli za wajumbe sio kamati, na mjumbe wa kiti mwendo hapandi daladala, anakodi bajaji kwenda na kurudi. Naomba mwenyekiti yeyote anayesoma hapa ajiulize kama anaijua kamati ya mtaa wake na mara ya mwisho muhtasari wake ulifika wapi.

Na kwenye baraza lenyewe la madiwani nani anatusemea? Wanawake wana viti maalum na vimesaidia sana, nani atabisha. Sisi kule tunategemea bahati, chama kikiona vyema kimsimamishe mmoja wetu. Jirani zetu Uganda kwa sheria yao ya serikali za mitaa ya 1997 kila baraza la wilaya lina madiwani wawili wenye ulemavu na mmoja wao lazima awe mwanamke. Hilo ni la Bunge, najua sio lenu, lakini hakuna kinachowazuia leo kumwalika mwakilishi wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyetu watu wenye ulemavu, kwenye kamati zenu za kudumu asikilize na aseme, hasa ile ya fedha ambapo ndipo mambo yanapoamuliwa kweli, maana huwa tunaalikwa kwenye ya ukimwi na kwenye maadhimisho ya siku yetu ya Desemba 3 tukapewa fulana.

Takwimu nigusie kidogo tu. Sensa ya 2022 ilionyesha watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, ile ya 2012 ilikuwa 9.3. Zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni tatu. Sasa fungueni daftari la wakazi la mtaa au kijiji chochote muone mmeandika wangapi, mtakuta wawili watatu, wale wanaoonekana barabarani. Wengine wako ndani, na balozi wa nyumba kumi anajua nyumba ipi ina mtoto hatoki nje. Shule ya jirani ingekuwa na mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalum na choo cha kuingilika wengine wangeshaanza darasa la kwanza. Sasa hivi mzazi asiyetaka kumpeleka mwanae mdogo bweni mbali, mfano shule ya wasioona ya Buigiri kule Chamwino, mara nyingi anabaki naye nyumbani, na shule za namna hiyo nafasi zake zina mwisho.

Ndugu zetu wenye ualbino wao wanahitaji mafuta ya kukinga jua, hapa kwetu ni nusu jangwa mwezi wa kumi ngozi inababuka hata ya mtu wa kawaida. Mafuta yanatengenezwa nchini, hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza ya kwao yanaitwa Kilisun, sio kitu cha kusubiri mfadhili kutoka nje. Kuyaweka kwenye oda ya dawa za zahanati ni uamuzi wa halmashauri. Watu wanakufa kwa saratani ya ngozi ambayo ingezuilika, na wanaoumwa zaidi ni wa vijijini wanaolima mchana kutwa.

Ajira nisirefushe. Sheria hiyohiyo ya 2010 inataka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Wilaya nyingi mwajiri mkubwa ni halmashauri yenyewe, hebu anzieni hapo kabla hamjaenda kuwauliza wenye viwanda. Na manunuzi, kuna ile asilimia 30 iliyotengwa kwa makundi maalum. Mapazia ya ofisi zenu mimi naweza kuyashona, na nashona vizuri, sio kwa kuonewa huruma, njooni mkague mshono. Ila tangazo lipo kwenye mfumo wa mtandaoni ambao mwenzangu asiyeona inabidi asomewe na kijana wa steshenari, namba ya NIDA inatajwa kwa sauti, namba ya akaunti inatajwa kwa sauti, bei anayotaka kuombea inatajwa kwa sauti, na mshindani wake amekaa benchi la nyuma anasubiri kupiga kopi. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata ikiwa na kompyuta moja yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti na vifaa vya masikioni tatizo hilo limeisha, programu nyingine ni za bure kabisa.

Nyie wenyeviti mliingia kwenye uchaguzi wa Novemba 27, 2024, kipindi chenu bado kinaendelea. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi lakini bajeti inapikwa mapema, mapendekezo yanaanzia mtaani yanapanda kata mpaka baraza, na mkichelewa kidogo tunaambiwa tusubiri mwaka mwingine. Kwahiyo naomba mambo yangu mawili yaingie sasa. La kwanza ni lile la kupima majengo kabla ya kupokelewa, hilo halihitaji bajeti linahitaji barua ya mkurugenzi. La pili, kila kata itaje kwenye mapendekezo yake ofisi moja, au zahanati moja, au shule moja itakayorekebishwa rampu na choo mwaka huu kwa hela ya matengenezo ya kawaida, nje ya ile asilimia mbili, asilimia mbili iacheni ifanye kazi yake ya mikopo.

Majibu yenu yabandikeni kwenye mbao za matangazo za kata, ila naomba mzishushe kidogo ziwe usawa wa mtu aliyekaa, zile za sasa hivi mimi naona misumari tu.

Ni mimi fundi cherehani, mkazi wa Dodoma mjini.